Waliouawa Fungurume: Dinosaria wa Kongo na Historia Yake

Hapa Lubumbashi, umeme ukikatika bwenini usiku kuna mambo mawili ya kufanya: kulala mapema au kubishana. Sisi hubishana. Kundi letu la watu sita limeunganishwa na ugonjwa mmoja wa tangu utotoni, nao ni dinosaria. Mmoja anasoma jiolojia, wawili sheria, mmoja tiba ya mifugo, mmoja uhandisi wa migodi, na mimi historia. Tunajua kwa Kilatini majina ya wanyama ambao hatujawahi kuona hata jino lao, na tunaweza kugombana saa nzima juu ya uzito wa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita.

Ubishi wetu mkubwa ni huu: je, waliisha wote? Mwanajiolojia wetu anasema waliisha miaka milioni 66 iliyopita, isipokuwa ndege, ambao ni tawi la ukoo huohuo lililosalia, kwa hiyo kila anayefuga kuku anafuga dinosaria. Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa na hoja tatu, na nilizitamka kwa sauti kubwa kwa sababu gizani sauti ndiyo kila kitu. Kwanza, msitu wa Kongo ni mkubwa mno na hakuna aliyeumaliza. Pili, samaki silikanti, aliyedhaniwa kuisha pamoja na dinosaria, alivuliwa mwaka 1938. Tatu, kule Likouala, ng'ambo ya mto Ubangi katika Kongo-Brazzaville, watu wenyewe wanamtaja mnyama wa majini, mokele-mbembe, ambaye husemwa kuwa na mwili kama wa tembo na shingo ndefu. Kwa Mkongo hoja hii ya tatu ina utamu wake. Ulaya wana mifupa, sisi tuna mzima!

"Wewe si mwanahistoria?" mwanajiolojia alinijibu. "Acha hekaya. Tuletee hati."

Nikaenda kutafuta hati. Insha hii ni matunda ya utafutaji huo, na nikiri mapema kwamba haikunifikisha nilikotaka kwenda.

Hati iliyonisimamisha ni habari fupi iliyotokea katika gazeti la The Times la London mnamo Novemba 1919. Ilitumwa kutoka Port Elizabeth, Afrika Kusini, ambako mkuu wa makumbusho ya mji alikuwa amepokea taarifa kutoka kwa bwana Lepage, aliyetajwa kuwa msimamizi wa ujenzi wa reli katika Kongo ya Wabelgiji. Bwana huyo alidai kwamba mwezi Oktoba, akiwa mawindoni, alikutana na dubwana la urefu wa kama mita saba. Alilipiga risasi, likamkimbiza, akanusurika. Baadaye dubwana hilo lilivamia kijiji, likabomoa nyumba na kuua baadhi ya wenyeji. Serikali, habari iliendelea, ilikataza mnyama huyo asibughudhiwe kwa kuwa huenda ni mabaki ya zama za kale. Na kijiji kilitajwa kwa jina: Fungurume.

Niliposoma jina hilo niliweka kitabu chini. Fungurume si mahali pa hadithi kwangu. Ni njia ya kwenda Kolwezi, ukishapita Likasi; ni vilima vya shaba, malori na vumbi jekundu. Nkambo wangu, mama yake mama, alizaliwa karibu na hapo. Nilimpigia simu jioni ileile nikamsimulia: nyama mkubwa kama nyumba, ana pembe puani, alikuja Fungurume miaka mia moja iliyopita akaua watu, na Wazungu wakaandika gazetini. Nilitegemea ashangae, au aniambie kwamba ndiyo, wazee walikuwa wakisimulia. Aliniuliza swali moja tu, kwa Kiswahili cha kwetu cha Katanga:

"Ni banani balikufa?"

Ni akina nani waliokufa. Nikarudi kwenye karatasi yangu. Habari ile ilikuwa na jina la mwindaji, idadi ya futi za mnyama, umbo la kwato zake na pembe zake, hata nundu yake yenye magamba. Ya waliokufa ilikuwa na neno moja tu, kwamba ni baadhi. Hakuna jina, hakuna idadi, hakuna chifu aliyeulizwa, hakuna mjane.

Tangu hapo niliisoma hati ile kwa jicho jingine, na ikaanza kubomoka yenyewe mikononi mwangu. Tuanze na mnyama. Miguu yake ya mbele ilisemwa kuwa kama ya farasi na ya nyuma yenye kwato zilizopasuka kama za ng'ombe. Alikuwa na meno ya nje kama pembe, na pembe fupi juu ya pua. Rafiki yetu wa tiba ya mifugo alipoyasikia haya alicheka hadi akakohoa, maana hakuna ukoo wa wanyama, walio hai wala waliokufa, wenye miguu ya namna mbili hivyo. Huyu alishonwa kwa vipande vya faru, nguruwe, farasi na joka. Hata dinosaria hafanani naye, lakini baada ya majuma machache magazeti yalikuwa yakimwita brontosaria.

Kisha mahali. Mkuu wa makumbusho alinukuliwa akisema kwamba karibu na hapo kuna nchi ya pori isiyo na njia, yenye vinamasi vingi, ambamo huenda wanyama wachache wa kale wamesalia. Fungurume yenyewe ni nchi ya vilima na miti ya miombo. Vinamasi vikubwa viko kaskazini zaidi, katika bonde la Upemba, na hapo ndipo mwanafunzi wa historia wa Katanga lazima apandwe na hasira kidogo, kwa sababu bonde hilo ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana sana katika akiolojia ya Afrika ya Kati. Uchimbuaji ulioanza Sanga, kando ya ziwa Kisale, mwaka 1957 ulifukua makaburi mengi yenye vyungu, zana za chuma, mapambo ya shaba na vile vimisalaba vya shaba vilivyotumika kama mali. Watu wameishi na kuvua samaki katika vinamasi hivyo kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kukatika, na humo ndimo ilimoanzia mizizi ya ufalme wa Waluba. Shaba haikuota kinamasini. Ilibebwa na watu kutoka ukanda wa madini kusini, kwa njia zilizojulikana. Nchi isiyo na njia ilikuwa na njia kabla London haijawa na gazeti.

Na reli? Reli ya kutoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilikuwa imefika Bukama mwaka 1918, mwaka mmoja kabla ya habari hiyo. Kwa hiyo dubwana la zama za kale lilivamia kijiji kilicho katika ukanda wa reli mpya, chini ya serikali iliyokuwa ikihesabu watu kwa ajili ya kodi na kazi za migodini, na serikali hiyo ikawa na huruma kwa dubwana kuliko kwa walipa kodi wake. Sihitaji kuwa mwanajiolojia kulitilia shaka hilo.

Mwezi uliofuata, Desemba 1919, akatokea shahidi wa pili, mtafuta madini na mwindaji Mbelgiji aitwaye Gapelle, naye akidai kumwona mnyama wa ajabu katika Kongo. Andika jina Gapelle kwenye karatasi, uhamishe herufi zake, na utapata Lepage, na "l" moja itabaki mkononi kama chenji. Mapema mwaka 1920 barua ilichapishwa katika The Times ikieleza kwamba kisa chote kilianza kama mzaha. Lakini kufikia wakati huo kapteni mmoja Mwingereza alikuwa tayari ametangaza kwamba anakuja kumwinda mnyama huyo akiwa na bunduki na mbwa wake, na uvumi wa zawadi kubwa ya fedha kutoka taasisi ya Smithsonian ya Marekani ulikuwa umeenea. Zawadi hiyo haikuwapo. Msafara wa Smithsonian ulikuwapo kweli, ila kwa ajili ya kukusanya vielelezo vya wanyama na mimea na kupiga filamu, na katika safari hiyo wenzao wawili, William Stowell na Joseph Armstrong, walikufa katika ajali ya treni humu Kongo. Nimeyaandika majina yao kwa makusudi. Wamarekani wawili waliokufa kweli wana majina. Watu wa Fungurume walikufa kwa uongo, na hata katika uongo huo hawakupewa majina.

Hapa ningeweza kuacha, nikarudi bwenini na kukubali kushindwa. Lakini kwa mwanahistoria, kusema jambo ni la uongo ni mwanzo tu. Swali linalobaki ni kwa nini watu wazima wenye elimu waliliamini, na kwa nini wakati ule.

Tarehe zinasaidia. Neno lenyewe dinosaria lilibuniwa na Mwingereza Richard Owen mwaka 1842, lakini kwa miongo mingi wanyama hawa walikuwa mambo ya wataalamu. Mwaka 1905 nakala ya plasta ya kiunzi kizima cha Diplodocus, zawadi ya tajiri Andrew Carnegie, ilisimamishwa London, na mwaka 1908 nakala nyingine zikafika Berlin na Paris. Watu wa kawaida wakaona kwa macho yao shingo ile ndefu na mkia ule. Mwaka huohuo wa 1908, Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, alichapisha kumbukumbu zake, na ndani yake akadai kupata habari za mnyama nusu tembo nusu joka katika vinamasi vya Rhodesia. Alikisia kwamba ni dinosaria wa jamii ya brontosaria, akatuma msafara, na msafara ukarudi mikono mitupu. Hagenbeck hakuwa msomi aliyepotoka, alikuwa mtu wa tiketi. Bustani yake ya Stellingen ilikuja kuwekwa sanamu kubwa za dinosaria. Tena ni yeye aliyekuwa, tangu miaka ya 1870, akiwaonyesha Wazungu watu kutoka nchi za mbali kwa kiingilio, kama alivyoonyesha simba. Nilipolifahamu hilo sikushangaa tena kwamba Afrika yake ilikuwa na dinosaria. Aliyezoea kuwaweka watu kwenye maonyesho kama mabaki ya zamani, hashindwi kumweka na mnyama. Mwaka 1912 Arthur Conan Doyle akatoa riwaya yake kuhusu nyanda ya juu ya Amerika Kusini ambamo dinosaria wanaishi bado, na picha ikakamilika: mbali na Ulaya, saa imesimama.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba katika miaka hiyohiyo kulikuwa na Waafrika waliowajua dinosaria kuliko wasomaji wa Hagenbeck wote. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alioneshwa, au aliona, mifupa mikubwa juu ya ardhi pale Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, Tanzania ya leo. Nasema alioneshwa au aliona kwa sababu masimulizi ya ugunduzi huo yamekuwa yakimpa mtu mmoja kile kilichokuwa kimelala kwenye njia za watu. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na mwishoni Hans Reck, ulichimba hapo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimemalizika muda mfupi tu kabla, kusini kote kulikuwa na makaburi mapya na njaa ilikuwa haijasahaulika. Katika nchi hiyo ndimo walimopatikana vibarua, waliofikia mia tano hivi katika msimu mmoja. Walichimba mahandaki, wakaipaka mifupa plasta na udongo, wakaifunga kwenye mianzi, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa kilomita zipatazo 60 hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Ujerumani. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye Wajerumani wenyewe walimtegemea kutambua na kuandaa mifupa. Kiunzi maarufu kilichotokana na kazi hiyo, chenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na kingali huko. Jina la Boheti lilisubiri hadi 2007, dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii.

Ziweke habari hizi mbili pamoja. Mifupa ilikuwa ikitoka Afrika kwenda Ulaya, na dinosaria wazima walikuwa wakitoka Ulaya, katika vitabu na magazeti, kuja Afrika. Boheti alikuwa na mfupa wa paja mkononi na hakuna gazeti lililomuuliza kama anadhani wanyama hao wapo hai.

Likouala nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyokuwa ngome yangu. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya ardhi ambayo Ufaransa iliiachia Ujerumani mwaka 1911, na ofisa wa Kijerumani, Freiherr von Stein zu Lausnitz, aliyetumwa huko mwaka 1913, aliandika kwamba wenyeji humtaja mnyama mwenye shingo ndefu anayeshambulia mitumbwi lakini hula majani. Habari hiyo si ya kutupwa, ni masimulizi ya watu wa mto na yana haki ya kusikilizwa kama masimulizi. Ila tuangalie yalivyosikilizwa. Mwaka 1980 na 1981 Roy Mackal, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyekuwa kwanza akitafuta dubwana la Loch Ness, alikwenda huko akiwa ameshaamua kwamba mnyama ni dinosaria, na miongoni mwa mbinu zilizotumika ni kuwaonyesha watu picha za wanyama ili wachague. Mwenye kuuliza hivyo amekwisha jibu. Mwaka 1983 mwanabiolojia wa Kongo-Brazzaville, Marcellin Agnagna, alisema alimwona mnyama katika ziwa Télé, lakini kamera yake haikutoa picha ya maana. Ziwa Télé lina upana wa kilomita tano hivi na kina cha mita chache tu. Ukoo wa mnyama wa tani nyingi, ambao ungehitaji kuzaana humo kizazi hata kizazi kwa miaka milioni 66, ungekuwa umeacha angalau mfupa mmoja. Hapo nilimkubalia mwanajiolojia, na ilinigharimu.

Imebaki silikanti, hoja yangu niliyoipenda kuliko zote, na bado naipenda, ila imegeuka upande. Samaki wa kwanza kutambuliwa na wanasayansi alinaswa karibu na East London, Afrika Kusini, Desemba 1938, na Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji huo ndiye aliyeona kwamba si samaki wa kawaida. Profesa J.L.B. Smith akatafuta wa pili kwa miaka kumi na minne. Alisambaza vikaratasi vya tangazo vyenye picha na zawadi ya pauni 100, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili, lugha ya wavuvi wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, hakikuwamo. Hata hivyo tangazo lilifika Anjouan, visiwani Komoro, na Desemba 1952 mvuvi Ahamadi Abdallah akamleta samaki huyo. Mwalimu mmoja ndiye aliyemtambua kwa kufananisha na picha. Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa. Tangu miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga nao wamemnasa mara nyingi, hata Tanzania ikatenga hifadhi ya bahari huko mwaka 2009 kwa ajili yake.

Sisi wapenda dinosaria hulitumia tukio hili kusema: mnaona, kitu kinaweza kujificha. Lakini gombessa hakujificha kwa mvuvi wa Anjouan. Alikuwa na jina, na alikuwa akiingia mtumbwini mara kwa mara. Aliyekuwa hamjui ni profesa. Ya Fungurume ni kinyume chake kabisa: mnyama alijulikana Port Elizabeth na London, akawa na vipimo na picha, na mahali pekee ambapo hakujulikana ni pale alipodaiwa kuua watu.

Usiku wa mjadala uliofuata niliwasomea wenzangu hati ile. Yule wa uhandisi wa migodi, ambaye kwao ni Kolwezi na hupita Fungurume kila likizo, aliniuliza kama nina hakika na jina la kijiji. Nikamwonyesha. Akalisoma mara mbili, akasema pale hata bata hana pa kuogelea. Tulicheka. Mwanajiolojia hakunisimanga, jambo lisilo la kawaida yake, ila aliniomba hati hiyo ainakili.

Nkambo nilimpigia tena Jumapili. Nilimwambia kwamba hakuna aliyekufa, ulikuwa mzaha wa mtu mmoja, na barua ilitoka gazetini kule London kusema hivyo. Alifikiri kidogo.

"Na balikuya kuambia batu kama ni bongo?"

Kwamba je, walikuja kuwaambia watu wa pale kuwa ni uongo. Nikamwambia hapana, nkambo. Akasema haya, kisha akaniuliza kama nimekula.